Shukrani Kabla ya Mavuno

Jumapili, 1 Juni. Ruanda, Mbozi.

Leo mama amesimama mbele ya kanisa zima akatangaza kwamba nimepona.

Hakuniuliza. Tulikuwa tumekaa pamoja, kwaya imemaliza, mara nikamwona anakaza kitenge kiunoni na kupita katikati ya mabenchi na jogoo mkononi. Nyuma yake wifi yangu Enesi, mke wa kaka Gibson, debe la mahindi kichwani. Hapo ndipo nilipojua kwamba wamepanga.

"Bwana asifiwe," mama akasema. "Mwanangu Diana mnamfahamu. Tangu yuko darasa la saba kifafa kinamwangusha. Humu humu ndani ameanguka, mkamwona. Mwezi wa pili wamemfungua kichwa kule India, wakamwekea mashine. Tangu hapo hajaanguka. Amepona! Sina cha kusema, nimekuja kutoa shukrani."

Vigelegele. Mchungaji Osward akaniita mbele na kuniwekea mkono kichwani, juu ya kovu kabisa, akabonyeza kama mtu anayechagua parachichi.

Naandika kwa hasira. Acha niweke mambo sawa hapa, maana kwingine hakuna anayenisikiliza. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inaitwa thalamasi. Ni kama njia panda: habari nyingi za ubongo hupita pale, na fujo ya kifafa nayo hupita pale pale ikienda kusambaa. Wamenipitishia nyaya mbili nyembamba mpaka hapo. Zinateremka chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kifaa chenye betri, kilichofukiwa chini ya mtulinga wangu wa kushoto. Kifaa kinatuma umeme kidogo, kinapumzika, kinatuma tena, mchana na usiku, ili fujo isipate njia rahisi. Gharama zote zilibebwa na mradi wa utafiti ulionichukua nikiwa chuoni. Na Daktari Bushra, anayenisimamia kutoka Dar es Salaam, alitueleza mimi na mama, kwa Kiswahili, taratibu: kifaa hakiponyi, kinapunguza. Kinapunguza polepole, kwa wengine mwaka mzima na zaidi. Nguvu yake hupandishwa kulingana na mgonjwa anavyoendelea, na dawa haziachwi. Mama aliitikia kila sentensi. "Ndiyo, daktari. Ndiyo, daktari."

Mama huyu huyu hajawahi kupeleka sadaka ya mavuno kahawa ikiwa bado mtini. Husema huko ni kumsemea Mungu kabla hajasema.

Halafu nguruwe. Picha za kichwa changu zilionyesha makovu ya tegu, mnyoo wa nguruwe. Si kwa kula nyama, nimewaeleza hilo mpaka sauti imekauka, ni mayai ya tegu yanayomfikia mtu kwa mikono na mboga zisizooshwa, mahali penye vyoo vibovu na nguruwe wanaozurura. Makovu hayo ndiyo chanzo cha kifafa changu. Na leo mchana, kusherehekea kichwa kilichoharibiwa na nguruwe, wamechinja nguruwe. Nilicheka peke yangu kwenye kona.

"Mwoneni wifi anacheka," Enesi akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Furaha ya uponyaji hiyo."

Jioni nikaingia jikoni kuchemsha chai. Mama akaninyang'anya sufuria.

"Moto si wako."

"Si nimepona, mama?"

"Umepona. Toka jikoni."

Jumatatu, 2 Juni

Tumeanza kuchuma. Baridi ya kukata vidole.

Jumatano, 4 Juni

Jirani yetu Felix amekuja na simu iliyozima. "Dada Diana, umeme wamekata. Niwekee hapo begani hata nusu saa, ipate chaji ya kupigia."

Watu wakacheka mpaka vikapu vikaanguka. Nikamweleza kwamba betri yangu haichaji simu, kwamba imetengenezwa kukaa miaka, kwamba kirimoti nilichopewa ni cha kuangalia kama kifaa kinafanya kazi na kupandisha nguvu daktari akiniruhusu.

"Kumbe rimoti ipo? Basi nani anakubadilishia chaneli?"

Nina digrii ya baiolojia. Nimeishia kuwa kichekesho cha wachuma kahawa.

Jumatano, 11 Juni

Mama amegawa kazi kama anavyogawa kila mwaka. Gibson, siku asizokuwa mpakani Tunduma, anazungusha mashine ya kumenyea. Mama na Enesi wanaosha kwenye tangi. Mimi nakaa kwenye meza ya kuanikia na kubagua: punje mbaya huku, nzuri kule. Hakuna moto, hakuna maji, hakuna mashine. Ni kazi ya bibi vizee na mimi.

Ni mkutano wa wanawake pia, maana kubagua hakuzuii mdomo. Na mdomo wa Enesi hauzuiwi na chochote. Ametoka Isongole, ambako aliuza vitenge na sabuni kwa watu wa Malawi kabla Gibson hajamwoa, na sauti yake haijawahi kuhama sokoni. Anazungumza juu ya nywele, juu ya bei, juu ya mke wa Felix. Leo nilikuwa nawaza mambo yangu, nikainua kichwa, nikamkuta ameniinamia, uso wake karibu kabisa na wangu.

"Umerudi?" akaniuliza.

"Kutoka wapi? Si niko hapa hapa."

"Haya, wifi." Akaendelea na mke wa Felix.

Mtu huyu ananichosha.

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu. Kahawa haikauki. Hakuna kinachokauka.

Jumapili, 22 Juni

Akina mama wawili wa kanisani wamekuja kuniona. Mmoja ana mtoto wa kiume mwenye kifafa. Anauliza hiyo mashine inapatikana Mlowo au mpaka Mbeya. Nikaanza kumweleza ukweli, kwamba ampeleke kwanza mtoto hospitali akapate dawa, kwamba wengi hutulia kwa dawa tu, kwamba mashine si muujiza. Mama akanikata katikati. "Mwambie ulivyopona, mwanangu. Usimvunje moyo mwenzio."

Usiombe kuwa ushuhuda wa mtu mwingine.

Jumamosi, 28 Juni

Daktari Bushra amepiga, kama anavyofanya kila mwisho wa mwezi. Simu inashika vizuri jikoni tu, kwa hiyo leo angalau nimeruhusiwa kusimama jikoni.

Akaniuliza kuhusu yale makubwa, ya kuanguka. Hayo naweza kuyajibu mwenyewe, kwa sababu mwili hunipa habari: ulimi ulioumwa, misuli inayouma mwili mzima. Hakuna. Kweli kabisa, tangu upasuaji hakuna. Lakini yale madogo, ambayo nakodoa macho tu, napotea, narudi, hayaachi alama. Hiyo ndiyo kero ya ugonjwa huu kuliko zote: mwenyewe ni wa mwisho kupata habari. Kwa hayo daktari huwauliza ninaoishi nao.

"Mpe mama simu."

"Hakuna, daktari," mama akasema. "Bwana ametenda."

"Hata kukodoa macho, mama? Kutafunatafuna? Kushikashika nguo?"

"Hakuna."

Enesi alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Enesi, kachote maji," mama akasema.

Ndoo zote zilikuwa zimejaa. Enesi akamwaga moja mlangoni, akaenda kuchota.

Sielewi vita vya wanawake hawa wawili na sina nguvu za kuvielewa. Ninachofahamu ni kwamba nimepangiwa kufundisha Chitete na natakiwa kuripoti tarehe mosi Septemba. Daktari atanikubalia kuishi peke yangu, au atanikatalia, kwa kutegemea taarifa za mwezi huu na ujao. Nina miaka ishirini na sita. Sijawahi kulala peke yangu chumbani na mlango ukiwa umefungwa.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Nimekwenda Tunduma na Gibson kununua nailoni za kufunikia kahawa. Gibson anasaidia madereva wa malori na karatasi zao za forodha, anajulikana na kila mtu pande zote mbili. "Mulishani, bamayo!" anawasalimia akina mama wa Zambia wenye nyanya, nao wanamtania kwa Kibemba, anajibu kwa Kiingereza kilichochanganyikana na kila kitu.

Kwenye mlango wa ukaguzi nikatoa kadi yangu inayoeleza kwamba nisipitishwe pale. Mlinzi akaisoma mbele na nyuma.

"Una mashine kichwani?"

"Waya kichwani. Mashine iko hapa."

"Inafanya nini?"

"Inanizuia nisianguke."

"Ungewaletea na madereva hawa, jioni wanaanguka sana." Akanipitisha pembeni kwa heshima zote.

Ilikuwa siku nzuri. Tukakaa kwenye kibanda kunywa soda baridi, Gibson ananihadithia dereva Mkongo aliyefuga kuku chini ya lori kwa kukaa foleni muda mrefu. Halafu sijui imekuwaje, soda yangu ikawa ya vuguvugu, na Gibson hakuwa tena ng'ambo ya meza. Alikuwa amekaa kando yangu, ameshika kiwiko changu.

"Tumechelewa," akasema.

"Hadithi yako ndefu mno."

"Ndiyo." Hakucheka. "Ndefu mno."

Njia nzima ya kurudi hakufungua mdomo, yeye ambaye huongea hata na mabango.

Jumatano, 9 Julai

Upepo. Nimebagua. Nimebagua.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemwambia mama kwamba mtu anayekwenda kujitegemea lazima ajizoeze, kwa hiyo kuanzia leo chakula changu napika mwenyewe. Amekataa. Nikamwomba anipe sababu moja tu.

"Sababu ni moto."

"Moto unawafanya nini watu waliopona?"

"Unachoma wote."

"Basi nioshe kahawa."

"Tangi lina maji."

"Nimepona au sijapona, mama?"

"Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Nikamgeukia Enesi nikitafuta shahidi, hata kama ni yeye. "Wifi, wewe unaelewa hii hesabu?"

"Mimi nimeolewa tu hapa," Enesi akasema. "Hesabu ziko kwa wenye nyumba."

Nimefunga mlango wa chumba. Mama ameufungua. Nimeufunga. Ameufungua, akaweka jiwe.

Jumatano, 30 Julai

Daktari Bushra amepiga. Majibu yale yale: mimi hapana, mama hapana, Bwana ametenda.

"Basi kwa taarifa hizi sina sababu ya kupandisha nguvu ya kifaa," akasema. "Na Chitete, kwa taarifa hizi, unaweza kwenda ukaishi mwenyewe. Hongera, mwalimu."

Nilipiga kelele, jogoo akakimbia. Mama alikaa juu ya debe lililopinduliwa, mikono mapajani. Nilitegemea vigelegele, maana kanisani hakuhitaji kusukumwa.

"Barabara ya Chitete ni mbovu," akasema mwishowe.

Mbele ya watu nimepona. Mbele ya sufuria ni mgonjwa. Na sasa nimekuwa mgonjwa wa barabara.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeanza kufungasha. Kila ninachokiweka sandukuni, mama anakitoa "kukipiga pasi".

Jumanne, 12 Agosti

Nataka kuandika yote kabla ya kulala, kwa mpangilio wake.

Mvua ya Agosti hakuna mtu wa Mbozi anayeitarajia. Leo mchana upepo uligeuka, wingu likaja kutoka upande wa Ileje, jeusi, chini. Kahawa ilikuwa imejaa kwenye meza zote tatu, karibu kukauka. Mama akapiga kelele, "Nailoni!" Kila mtu na meza yake: mama ya kwanza, mimi ya pili, Enesi ya tatu. Hata Felix aliruka ua kuja kusaidia. Nakumbuka nilishika ncha ya nailoni, upepo ukainyanyua kama turubai la hema.

Kisha niko barazani, nimekaa, nimelowa mpaka mfupani. Mvua imekatika. Nikadhani nimekimbia mvua kama kila mtu. Nikatazama: meza ya mama imefunikwa. Yangu imefunikwa. Ya Enesi iko wazi, nailoni imenasa kwenye mgomba, na kahawa ya siku nyingi inaelea kwenye maji.

Damu ikanipanda. Msimu mzima mdomo, halafu meza moja inamshinda.

"Wifi, meza yako."

"Naiona."

"Umeiona lini? Ulikuwa wapi? Au ulikimbia kuficha nywele ulizosuka juzi?"

Enesi alikuwa anakamua kitenge chake. Kutokujibu kwake kukanipa nguvu.

"Diana, acha," mama akasema.

"Siachi! Watu wazima wanafunika meza zao, mmoja tu anashindwa. Kule Isongole mvua hamjawahi kuiona? Au mnajua kuuza tu kahawa waliyoihangaikia wengine?"

Enesi akamtazama mama. Mama akatazama chini.

"Mama, mwambie," Enesi akasema.

Mama akainama kuokota punje zilizotapakaa.

"Basi namwambia mimi."

"Enesi!"

"Hapana, mama. Kanisani nimenyamaza. Kwenye simu nimenyamaza, nikachotea maji ndoo iliyojaa. Leo natukaniwa mpaka kwetu, nimechoka." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nimekushika wewe, wifi. Uliachia nailoni ukaanza kutembea kwenda kwenye tangi. Macho umekodoa, mdomo unatafuna kama mbuzi, unafungua vifungo vya blauzi mbele ya Felix. Nikaiacha meza nikaja kukushika, nikakukalisha hapo ulipo. Ya kwako ameifunika mama. Ya kwangu nani angeifunika, malaika?"

Nikatazama kifua changu. Vifungo vilikuwa vimefungwa, lakini vimepishana, cha juu kwenye tundu la chini.

"Leo tu?" nikauliza.

"Leo tu! Kila ninapokuuliza umerudi, ulidhani nakuuliza habari za sokoni?"

Felix, aliyekuwa bado amesimama uani akidondosha maji, akavua kofia. Hakutania. Hilo ndilo lililonifanya niamini.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimkuta mama kwenye meza ya tatu, anatandaza kahawa iliyolowa kwa viganja, ingawa wote tunajua imeharibika.

"Kwa nini?"

"Nilisimama mbele ya watu," akasema bila kuinua kichwa. "Nilitoa shukrani. Wiki ile ile ukaanza tena yale ya kukodoa. Nikisema, mwongo ni nani? Mimi au Mungu?"

"Wewe, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa mzigo anaoufahamu.

"Nilikuwa naenda kuishi peke yangu. Na jiko la mkaa. Ungeniacha niende?"

"Ningekuja kulala mlangoni kwako. Nilishawaza hivyo."

Nilitaka kupiga kelele. Mtu anaweza kukupenda kwa namna ambayo itakuua, na bado akakupigia pasi nguo za kuzikiwa.

Halafu akasema jambo ambalo sijui nilifanyie nini. "Shule yako ilitoka kwa nguruwe, Diana. Kila ada, niliuza nguruwe. Nikawa najisifu. Siku ile kule India, daktari alipotuonyesha picha, wewe ndiye uliyenitafsiria. Ulisema mayai, ukasema mikono, ukasema mboga. Hukuruka hata neno. Nikaona hiki kitu lazima kiishe. Nikaona nikitangaza kimeisha, kitaisha."

Miezi yote hii nimekasirika kwamba hakunielewa. Alinielewa kuliko nilivyokusudia.

Sikumkumbatia. Bado nina hasira. Nilichukua upande wa pili wa meza nikatandaza naye.

Alhamisi, 14 Agosti

Jua kali, la kejeli.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempigia Daktari Bushra mwenyewe, kwa video, wote tukiwa jikoni. Gibson alikuwepo pia. Yeye ndiye aliyeanza, akaeleza habari ya soda pale Tunduma, akaomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Enesi akaeleza ya kwenye meza, mengi kuliko nilivyodhani. Daktari hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Nimekuwa nakipima kifaa kwa taarifa zisizo za kweli," akasema. "Mngenipa za kweli mwezi wa sita, ningepandisha mwezi wa sita. Mama, wewe umemwona mara nyingi zaidi. Huwa inaanzaje?"

Mama akasogea karibu na simu.

"Sina maneno yake, daktari."

"Basi nionyeshe."

Nilidhani atakataa. Mama ni mtu anayefunika kinywa hata akicheka. Akampa Enesi simu aishike, akakaa vizuri kwenye kigoda, akavuta pumzi. Kisha uso wake ukaondoka. Sijui niseme vipi tena. Macho yakabaki lakini yeye akatoka. Kichwa kikageuka polepole upande wa kushoto, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Midomo ikaanza kutafuna, kavu, bila chakula. Mkono wa kulia ukapanda kifuani, ukatafuta kifungo, ukakikosa, ukatafuta tena, kwa upole, kama mkono wa mtoto. Ukaendelea hivyo muda mrefu. Kisha akapepesa macho, akatutazama mmoja mmoja, na kwenye uso wake ikaja hali nyingine niliyoitambua mara moja kwa sababu hiyo naijua kutoka ndani: kero. Kero ya mtu anayekuta watu wamemzunguka na hajui wanataka nini.

Sijawahi kujiona. Kifafa changu nimekisoma vitabuni, nimekiona kwenye picha za kichwa na michoro ya mawimbi. Kumbe kilikuwa na uso, na mama anaujua kila kipande chake. Mtu hajifunzi hivyo kwa kutazama pembeni.

Enesi alikuwa anafuta machozi kwa mkono usio na simu.

"Asante, mama," daktari akasema. "Kati ya taarifa zote nilizopewa, hii ni bora kuliko zote."

Akaniagiza nichukue kirimoti nipandishe hatua moja, pale pale, akinitazama. Nikabonyeza. Mtekenyo ukapita shingoni, ukatulia.

"Yataisha?" mama akauliza.

"Huenda yakapungua. Huenda yasiishe. Lakini yale makubwa yameondoka, mama, na hilo ni kweli. Lishukuru hilo hilo."

"Na Chitete?" nikauliza mimi.

"Peke yako, hapana. Ukikaa na mtu aliyeelezwa kila kitu, ndiyo. Jiko lake yeye, vyombo vyako wewe. Na usipande bodaboda."

Jumatano, 20 Agosti

Nimebagua kahawa ya Enesi iliyolowa, yote, peke yangu. Daraja la mwisho kabisa, inanuka uchachu. Nilimwomba radhi tukiwa hapo, kwa Isongole na kwa nywele.

"Kwa nywele nimekusamehe," akasema. "Isongole itakuandikia barua."

Kwa muda wa kama dakika nzima hakunichosha.

Jumapili, 24 Agosti

Mama amesimama tena kanisani. Safari hii bila jogoo. Safari hii aliniuliza kwanza.

"Bwana asifiwe. Mwezi wa sita nilitoa shukrani kabla ya mavuno. Diana haanguki tena chini, hiyo ni kweli, na Mungu asifiwe. Lakini bado huondoka kidogo na kurudi. Na dawa anakunywa, na mashine inaongezwa. Mungu alifanya sehemu, mimi nikatangaza yote. Ndiyo hivyo."

Hakuna aliyejua kama hapo pana vigelegele. Mwishowe Felix akasema "Ameen" kutoka nyuma, kwa sauti nzito kuliko yake ya kawaida. Yule mama mwenye mtoto wa kifafa akageuka kunitazama. Baada ya ibada nikamwambia, kwa mara ya pili na bila kukatwa, ampeleke mtoto hospitali.

Mchungaji Osward alitaka kuniombea tena. Nikamgeuzia upande usio na kovu.

Jumatatu, 1 Septemba. Chitete.

Barabara ni mbovu kweli. Hapo mama alisema ukweli tangu mwanzo.

Wamekuja kunifikisha, mama na Enesi, na magodoro na kuku asiyetakiwa na mtu. Nitakaa nyumba moja na Mwalimu Mwajuma, anafundisha jiografia, mtu wa Tanga, mpole, hodari wa kupika. Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu, ubongo, thalamasi, umeme. Nilipofika kwenye nyaya nikaona macho yake yanaanza kutafuta mlango.

"Ngoja, mwanangu," mama akasema. Akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Tazama, mwalimu. Huwa inaanza hivi."

Akaonyesha yote. Kichwa, midomo, kifungo. Mbele ya mgeni, mlango ukiwa wazi, watu wakipita nje.

"Usimkamate kwa nguvu," Enesi akaongeza, "wala usimtie kijiko mdomoni. Muondolee vya hatari, kaa naye tu. Akizinduka muulize, umerudi? Atakujibu kwa ukali. Usijali, hata akiwa mzima ndivyo alivyo."

"Asante, wifi," nikasema.

"Si unaona?" Enesi akamwambia Mwajuma.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilikuwa naosha vyombo uani, Mwajuma anasonga ugali ndani. Nakumbuka nilishika sahani ya bluu.

Kisha sahani iko juu ya ndoo, imekaushwa. Mwajuma amechuchumaa mbele yangu, ameacha ugali wake. Kutoka jikoni kulikuwa na harufu ya kuungua.

"Umerudi?" akaniuliza.

Jibu la ukali lilikuwa tayari mdomoni, kama kawaida. Nikalitazama, nikaliacha.

"Nimerudi," nikasema. "Niambie ilikuwaje."